Kesi za Hataza na Mtu Anayemeza Dawa

Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya wenye maduka ya dawa, wahudumu wa afya ya jamii, wanafunzi wa sheria na vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi.

Wazee wetu, mama zangu, dada na kaka, mawakili wenzangu, na nyinyi wa maduka ya dawa mliofunga biashara mchana huu ili mje kunisikiliza: erokamano. Najua wengine mmetoka hapa Kondele na Nyalenda, na wengine mmepanda matatu kutoka Ahero na Bondo. Nitajitahidi kusema kwa lugha ya kawaida mambo ambayo mahakamani huandikwa kwa lugha ngumu.

Nimekuja na chupa ya dawa ya virusi vya ukimwi, ile nyeupe ya plastiki ambayo wengi humu mnaijua kuliko ninavyoijua mimi. Hebu tuisome pamoja. Tenofoviri, miligramu 300. Lamivudini, miligramu 300. Dolutegraviri, miligramu 50. Meza kidonge kimoja kwa siku. Ubavuni, kwa maandishi madogo, limeandikwa jina la kampuni ya India iliyokitengeneza. Ukienda kuichukua hospitali ya serikali, hutozwi.

Kuna habari ambayo lebo haina nafasi ya kuisema. Ndani ya kidonge hiki mna dawa tatu, na kila moja ina asili yake na wenyewe wake. Tenofoviri ilianzia katika maabara ya Antonín Holý kule Prague, kisha haki zake zikaenda kwa Gilead ya Marekani. Lamivudini ilitoka kwa BioChem Pharma ya Montreal, Kanada, ikaishia mikononi mwa Glaxo. Dolutegraviri ni kazi ya kampuni ya ViiV na ya Shionogi ya Japani. Gilead na ViiV ni mahasimu wa kibiashara hasa. Mwaka 2018 ViiV iliishtaki Gilead ikidai kwamba dawa ya Gilead ya bictegraviri imeingilia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya dolutegraviri. Kesi ikaisha mwaka 2022 kwa Gilead kukubali kulipa dola bilioni 1.25, pamoja na asilimia 3 ya mauzo ya dawa hiyo huko Marekani kwa miaka kadhaa.

Basi nani aliyezileta hizi tatu pamoja, ili mama wa Nyalenda ameze mara moja na aende sokoni? Ni watengenezaji wa India wa dawa za jeneriki, yaani nakala za dawa asilia. Na waliweza kwa sababu mbili, zote za kisheria. Ya kwanza, hadi mwaka 2005 sheria ya India ilikuwa inalinda njia ya kutengeneza dawa, si dawa yenyewe. Ukipata njia yako tofauti, ruksa. Hapo ndipo viwanda vyao vilipokomaa. Ndiyo maana Februari 2001 Yusuf Hamied wa kampuni ya Cipla aliweza kusimama na kutangaza matibabu ya dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, wakati ambapo dawa hizo za kampuni asilia zilikuwa zinapita dola 10,000. Sababu ya pili ni leseni. Mwaka 2014 ViiV iliipa Hazina ya Hataza za Dawa, shirika lililoundwa mwaka 2010, ruhusa ya kugawia watengenezaji wengine leseni za dolutegraviri. Mwaka 2017 Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuanza kuitumia dolutegraviri ya jeneriki, na mwaka huohuo bei ya kidonge hiki cha tatu-kwa-moja ikatangazwa kuwa takriban dola 75 kwa mwaka mzima.

Nimeanza huku kwa makusudi. Kesi ya hataza ya dawa hufunguliwa kama ugomvi wa kampuni mbili: mwenye haki na anayedaiwa kuiingilia. Lakini kuna mtu wa tatu ambaye jina lake haliko kwenye faili, na hukumu ikishatoka ndiye anayerudi nayo nyumbani. Ninachosema leo ni kwamba mtu huyo lazima asikilizwe, na kwamba sheria za Kenya zimempa mahali pa kusimama.

Tuelewane kwanza hataza ni nini. Ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda, kwa kawaida miaka 20 tangu alipopeleka ombi, mtu mwingine asitengeneze, asiuze wala asiingize nchini uvumbuzi wake bila ruhusa. Yeye naye analipa kwa kueleza hadharani jinsi kitu chake kinavyofanya kazi. Kenya ofisi yake ni KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwandani, na mvumbuzi anaweza pia kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la mali ya ubunifu, kule Harare na kuitaja Kenya miongoni mwa nchi anazotaka zilinde haki yake. Kila hataza ina madai yaliyoandikwa kwa makini sana, na hayo ndiyo mipaka. Sisi watu wa huku tunajua kesi za mashamba: mmoja anasema umevuka jiwe la mpaka, mwingine anajibu kwamba jiwe lenyewe liliwekwa pasipo haki. Kesi ya hataza nayo huenda hivyohivyo. Mshtakiwa husema, sikuvuka. Au husema, hata kama nilivuka, hataza hii haikustahili kutolewa kwa sababu jambo hili halikuwa jipya.

Mimi si adui wa hataza. Dawa hugharimu fedha nyingi kugundua, na nyingi hufeli njiani. Mtu aliyefaulu anastahili malipo. Hoja yangu ni kuhusu kinachotokea wakati haki hiyo inapodaiwa, na nani anahesabiwa.

Tuchukue mwaka 2008, kwa sababu mwaka huo una mafunzo mengi kuliko mwingine wowote ninaoujua.

Machi 2008, Mahakama Kuu ya Delhi ilikuwa na kesi ya Roche dhidi ya Cipla. Dawa ilikuwa erlotinibu, ya saratani ya mapafu. Kidonge kimoja cha Roche kiliuzwa takriban rupia 4,800. Cha Cipla, takriban rupia 1,600. Roche iliomba zuio la muda ili Cipla isiuze mpaka kesi iishe, na kesi kama hizi huchukua miaka. Jaji Ravindra Bhat alikataa. Alipima hasara pande zote, na kwenye mizani akamweka mgonjwa ambaye hakuwa mshtaki wala mshtakiwa. Roche ikishinda mwishoni, hasara yake inaweza kulipwa kwa fedha. Mgonjwa wa saratani akikosa dawa kwa sababu ya bei, hakuna hundi itakayomrudishia miezi ya uhai wake. Na sikilizeni ilivyoendelea: mwaka 2015 majaji wa ngazi ya juu katika mahakama hiyohiyo walisema kwamba Cipla kweli iliingilia hataza, na wakaiagiza itoe hesabu ya mapato yake. Haki ya Roche haikutupwa. Iligeuzwa kuwa deni la fedha, na katikati ya miaka hiyo wagonjwa waliendelea kupata dawa. Kwangu mimi hiyo ni hukumu ya busara, na ningependa kila wakili kijana aliye humu aisome.

Mwezi uliofuata, Aprili 2008, jopo letu la Nairobi linaloamua mizozo ya haki za viwanda lilitoa uamuzi katika kesi ya Pfizer dhidi ya Cosmos, kampuni ya Kenya. Dawa ilikuwa azithromisini, ambayo nyinyi wa chemisti mnaiuza kila siku kwa maambukizi ya kifua na mengineyo. Cosmos ilijitetea kwa kifungu cha 58(2) cha Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, kinachosema kwamba haki ya mwenye hataza haifuati bidhaa ambayo tayari imeingizwa sokoni, Kenya au nchi nyingine. Jopo likaipa Pfizer ushindi. Likaona mlango huo si wa mtu anayetengeneza au kuleta dawa ambayo haikupata ridhaa ya mwenye hataza, na kwamba anayetaka njia hiyo aombe leseni au apate idhini ya serikali. Kwa herufi ya sheria uamuzi huo unaeleweka. Kinachonikera ni kwamba pande zilikuwa kampuni na kampuni tu. Cosmos ilizungumza kama mfanyabiashara, nayo ilikuwa na haki ya kufanya hivyo, lakini mfanyabiashara si msemaji wa mgonjwa.

Mwisho wa mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi. Hapa ndipo mambo yalipoharibika hasa, na ndipo watu wa kawaida waliposimama.

Sheria hiyo ilieleza kughushi kwa maneno mapana mno. Kutengeneza kitu kinachofanana na bidhaa iliyolindwa, bila idhini ya mwenye haki iliyopo Kenya au kwingineko, kulihesabiwa kughushi. Fikirini maana yake kwa dawa za jeneriki. Jeneriki kwa asili yake inafanana na dawa asilia, isipofanana, haifai. Ikiwa kampuni ina hataza nchi fulani ya mbali na haina hapa, bado afisa wa forodha Mombasa angeweza kuuzuia mzigo. Na adhabu haikuwa ndogo: kosa la kwanza, hadi miaka 5 gerezani, la pili, hadi 15. Kuna waliosema hofu hiyo ni ya kufikirika. Lakini kati ya mwishoni mwa 2008 na 2009 forodha ya Uholanzi ilizuia shehena za jeneriki kutoka India zilizokuwa zinapita tu, ikiwemo losartani, dawa ya shinikizo la damu, iliyokuwa inaenda Brazil, na abakaviri iliyokuwa inaenda Nigeria kwa wagonjwa wa ukimwi. Hataza zilizodaiwa zilikuwa za Ulaya, si za nchi zilizonunua.

Wakenya watatu wanaoishi na virusi vya ukimwi, wa kwanza akiwa Patricia Asero Ochieng, walienda Mahakama Kuu mwaka 2009. Hawakuwa na kiwanda wala hataza. Walikuwa na uhai wao, na walisema sheria hii inautishia. Aprili 2010 mahakama ikasimamisha vifungu hivyo kuhusu jeneriki wakati kesi ikiendelea. Tarehe 20 Aprili 2012, Jaji Mumbi Ngugi akatoa hukumu: vifungu vya 2, 32 na 34, vikitumiwa dhidi ya dawa za jeneriki, vinavunja haki ya kuishi, haki ya utu na haki ya afya, yaani kifungu cha 26, cha 28 na cha 43 cha Katiba.

Nawaomba msome sehemu anayozungumzia utata. Serikali ilitetea kwamba sheria ina sentensi inayolinda mambo yaliyoruhusiwa na Sheria ya Mali ya Viwandani. Jaji akasema hiyo haitoshi. Dawa inayomweka mtu hai haiwezi kuachwa itegemee jinsi afisa wa forodha au mwenye hataza atakavyoamua kuyasoma maneno ya sheria. Palipo na uhai wa mtu, sheria iseme waziwazi. Hukumu hiyo inasomwa leo nje ya Kenya, na ililetwa na wagonjwa.

Najua swali lililo mioyoni mwenu nyinyi wa maduka ya dawa: sasa tuache dawa bandia ziingie? Hapana, hata kidogo. Mwaka 2011 iligunduliwa hapa Kenya dawa ghushi iliyofungwa kama Zidolam-N, dawa ya virusi vya ukimwi. Vidonge vilikuwa vimebadilika rangi, vingine vina kuvu na vinamong'onyoka. Aliyeviingiza alistahili jela. Lakini angalieni: Zidolam-N halisi ilikuwa yenyewe jeneriki, ya kampuni ya Hetero ya India, dawa nzuri iliyoaminiwa na wagonjwa. Mhalifu alighushi jeneriki. Kwa hiyo jeneriki na bandia si ndugu. Ubora wa dawa ni kazi ya Bodi ya Famasia na Sumu, inayosajili na kupima. Jina na nembo ni jambo la alama za biashara. Hataza ni jambo la nani anaruhusiwa kutengeneza, na huamuliwa kwa kesi ya madai, mbele ya jopo au mahakama, kwa ushahidi. Dawa inaweza kuwa bora kabisa na bado ikawa na mzozo wa hataza. Atakayekuja dukani kwako kutwaa dawa, muulize kwa heshima ni lipi kati ya hayo matatu, na ni kifungu kipi cha sheria. Weka ankara zako, nambari za bechi na cheti cha usajili mahali unapoweza kuvifikia.

Sasa nije nyumbani kabisa. Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti wa Partners PrEP wa vidonge vya kukinga maambukizi, uliofuatilia jozi 4,747 za wanandoa na wapenzi wa Kenya na Uganda, ambapo mmoja ana virusi na mwenzake hana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kidonge cha tenofoviri kilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na kilichounganishwa na emtrisitabini, yaani Truvada, kwa asilimia 75. Julai 2012 Marekani ikaidhinisha Truvada kwa kinga, utafiti huu ukiwa miongoni mwa ushahidi uliotegemewa.

Miaka ikapita, zikaja kesi. Novemba 2019 serikali ya Marekani iliishtaki Gilead huko Delaware, ikidai kwamba wanasayansi wake ndio wenye hataza za matumizi hayo ya kinga na kwamba Gilead inauza bila kulipa. Dai lilikuwa la zaidi ya dola bilioni moja. Mei 2023 baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani likasema hataza hizo hazikuwa halali na Gilead haikuziingilia. Mapema 2025 wakapatana. Kesi nzima ilihusu nani alikuwa wa kwanza kuwa na wazo. Waliokunywa vidonge, wakatoa damu kila mara, wakarudi kliniki miezi na miezi, wengine wakisafiri kutoka vijijini, hawakuwa upande wowote. Sidai wapewe hataza. Nadai kwamba jamii iliyotoa mwili wake ili dawa ithibitishwe isije ikaambiwa baadaye kwamba bei imeishinda.

Na hilo si jambo la kubuni. Lenakapaviri, sindano ya kinga inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ilijaribiwa pia Brazil, Argentina, Mexico na Peru. Oktoba 2024 Gilead ilitoa leseni kwa watengenezaji sita wa jeneriki ili wauze katika nchi 120. Kenya imo. Nchi hizo nne hazimo. Marekani sindano hiyo iliwekewa bei ya dola 28,218 kwa mwaka. Jeneriki yake imetangaziwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Tofauti hiyo yote imo katika orodha ya nchi kwenye karatasi ya leseni. Leo tuko upande mzuri wa orodha. Dawa ijayo, ya saratani au ya kisukari, huenda tusiwemo. Na tangu mapema 2025, Marekani iliposimamisha misaada na kliniki za huku Nyanza zikatikisika, sote tumeona kwamba siku moja bili itakuwa yetu wenyewe.

Silaha tulizo nazo ni hizi. Kifungu cha 58(2) nimekitaja. Kifungu cha 72 cha sheria hiyohiyo kinamruhusu mtu kuomba leseni ya lazima, yaani ruhusa hata mwenye hataza akikataa, iwapo soko la Kenya halipati bidhaa kwa masharti ya haki. Kifungu cha 80 kinampa waziri uwezo wa kuagiza hataza itumike kwa manufaa ya umma, afya ikiwemo. Hata vitisho vya kuvitumia husaidia: mwaka 2004 Cosmos ilipata leseni ya hiari kutoka kwa GlaxoSmithKline ya kutengeneza zidovudini na lamivudini. Njia nyingine ni kuipinga hataza yenyewe. Machi 2023 ofisi ya hataza ya India ilikataa ombi la Johnson & Johnson la kurefusha ulinzi wa bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu. Waliopinga ni wanawake wawili waliougua ugonjwa huo wakapona, Nandita Venkatesan wa India na Phumeza Tisile wa Afrika Kusini. Miezi michache baadaye kampuni ikatangaza kwamba haitadai hataza zake za nyongeza katika nchi 134 za kipato cha chini na cha kati.

Lakini silaha huibwa ukilala. Kifungu cha 58(2) kilipoanza kutumika mwaka 2002, haikupita hata miezi miwili kabla ya mswada wa marekebisho madogomadogo kukichokonoa: mwagizaji apate kwanza ridhaa ya wazi ya mwenye hataza. Katikati ya mabadiliko ya sheria nyingi zisizohusiana, mstari mmoja ungetufungia mlango. Mashirika ya kiraia yalipiga kelele, na mwaka huohuo mstari ukaondolewa. Huwezi kupiga kelele juu ya usichokisoma.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kila kikundi hapa kichague mtu wa kufuatilia miswada inayogusa dawa, haki za viwanda na bidhaa ghushi, na tangazo la kushirikisha umma likitoka, mwandike maoni yenu kwa majina yenu, hata ukurasa mmoja. Mawakili wa Kisumu tuko tayari kuwasaidia kuyaandika bila malipo. Na nyinyi wanafunzi wa sheria, mkisikia kesi ya hataza ya dawa imefunguliwa Nairobi, jueni kwamba Katiba inawaruhusu wagonjwa kuomba kuingizwa kama wahusika wenye maslahi. Watafuteni. Waelezeni. Andaeni hati ya kiapo yenye jina la mgonjwa, bei anayolipa na kitakachotokea bei ikipanda, iwe mezani kwa jaji kabla ya zuio kuombwa.

Karatasi za kujiandikisha ziko mlangoni, kwa dada aliyevaa kitenge cha bluu. Sasa nakaribisha maswali, na tuanze na mama aliyeinua mkono tangu nilipotaja chemisti.